Haki ya Kwenda Mlangoni

Ukitembea Nairobi jioni utaitambua bucha kabla hujasoma jina lake. Ile taa nyekundu, karibu iwe ya waridi, inakuita kutoka ng'ambo ya barabara. Swali langu ni hili: ile taa inadanganya?

Kwanza tuone kazi yake. Nyama mbichi ni nyekundu kwa sababu ya protini inayoitwa mayoglobini. Ikikaa kwenye hewa kwa muda, protini hiyo hubadilika na nyama huanza kuwa ya kahawia. Nyama ya kahawia si lazima iwe imeoza, lakini mnunuzi akiiona anajua imekaa. Taa ya waridi huongeza wekundu na kupunguza kijani na manjano, hivyo ule ukahawia unamezwa. Hakuna aliyepaka nyama rangi. Ni macho yako ndiyo yamepangwa.

Mwenye bucha ana utetezi, na si wa kijinga. Atakuuliza: kwani mwanga wa kweli ni upi? Jua la saa sita mchana si jua la saa kumi na mbili jioni. Balbu ya Kelvin 2700 ina umanjano wa moto wa jikoni, ya 4000 ni nyeupe ya ofisi, na ya 6500 inaelekea buluu. Shati moja litaonekana tofauti chini ya zote tatu. Kila duka lazima lichague taa, na hakuna mfanyabiashara atakayechagua ya kumwaibisha.

Nakubaliana naye nusu. Hoteli ikipunguza taa usiku ili watu waongee polepole, hiyo naiita ukarimu, kama mtu anayefagia ua kabla wageni hawajafika. Duka la vito likimulika pete moja ndani ya kabati lenye giza, mteja anajua kabisa anachofanyiwa na bado anafurahia.

Hapo ndipo ninapopata kipimo changu. Je, taa ingeendelea kufanya kazi yake kama mteja angeambiwa kwa nini imewekwa? Ya hoteli ingeendelea. Ya bucha? Mwambie mtu, "Hii iko hapa ili usione nyama imekaa," halafu uone kama atatoa pesa. Mnunuzi wa nyama hana maabara, na hajui ng'ombe alichinjwa lini. Ana macho na pua tu. Taa ile inachezea ushahidi wenyewe anaoutegemea.

Marekani wameliona hili. Food Code, mwongozo wa chakula unaotolewa na FDA, unasema taa zisitumiwe kupotosha rangi au ubora halisi wa chakula. Kwetu, kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kupata habari anazohitaji. Balbu haikutajwa, sawa. Lakini rangi ya nyama si habari?

Na si nyama pekee. Nilipoacha chuo niliuza nguo miezi kadhaa katika duka moja dogo mjini, lisilo na dirisha, lenye taa za manjano. Chini ya taa kama hizo, nyeusi na buluu iliyokolea ni ndugu. Siku moja mama mmoja alikuja kutafuta rinda jeusi la kuvaa matangani. Akalishika, akaligeuza, akasema, "Wacha nitoke hapo mlangoni nilione vizuri." Mdosi wetu akakataa: nguo haitoki kabla ya kulipiwa. Kuna wizi, namwelewa. Lakini angeweza kunituma niandamane na mama hadi mlangoni. Mama akalirudisha rinda na kwenda zake. Hakuwa ameomba hata kupunguziwa bei, bana. Aliomba jua.

Simaanishi kwamba soko la wazi ni la malaika. Gikomba nako wajanja wapo. Ila pale nguo unaiinua juani na kuikagua mpaka utosheke, na muuzaji anajua hivyo.

Mtu ataniambia haya ni mambo madogo. Ni madogo kwa nani? Mwenye pesa akikosea atanunua nyingine kesho. Aliyehesabu sarafu akapata robo kilo ya kulisha nyumba nzima atalipika kosa hilo na kulila.

Kwa hivyo sisemi taa zizimwe. Muuzaji apambe duka lake anavyotaka, mradi kuwe na mahali, hata kama ni hatua mbili tu karibu na mlango, ambapo mteja anaweza kutazama kitu kwa mwanga wa kawaida kabla hajalipa. Na wewe ukienda bucha, omba nyama iletwe hapo uione. Usione aibu. Pesa ni zako.