Unajua! Basi Unangoja Nini?

Ndugu yangu msomaji, usiniambie hujui. Unajua! Unajua kunawa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Unajua kukaa mbali na watu unapokohoa na homa imekupanda. Unajua zahanati ilipo, chanjo ilipo, muuguzi alipo. Uliambiwa redioni, ukaambiwa msikitini, ukaambiwa kanisani. Elimu unayo. Ulichokosa ni kuanza!

Kumbuka ulivyokuwa. Machi 2020, mgonjwa wa kwanza wa corona alipotangazwa Arusha, nani alikuhimiza mara mbili? Ndoo ya maji ilikaa mlangoni, tangawizi na malimao yalipanda bei, daladala za Dar es Salaam zilipakia level siti. Uliogopa, ukatii, ukanawa mpaka vidole vikakunjamana.

Kisha ukazoea. Ugonjwa haukuondoka, hofu ndiyo iliyoondoka! Barakoa ikashuka kutoka puani hadi mdomoni, kutoka mdomoni hadi kidevuni, kutoka kidevuni hadi mfukoni. Ikatoka mfukoni siku ile tu mlinzi wa benki aliponyoosha mkono: "Mzee, barakoa!" Ukaivaa imekunjamana, ukachukua hela zako, ukaivua kabla hujamaliza ngazi. Ulikuwa unamkinga nani? Mlinzi au mama yako mzazi?

Usinijibu kwamba watu hawakutishwa vya kutosha. Walitishwa sana! Lakini hofu isiyoonyeshwa njia haiokoi mtu. Mwambie mtu "utakufa" bila kumwambia "fanya hivi, na unaweza," naye ataziba masikio, atacheka, atakana. Ndivyo tulivyofanya. Ugonjwa tukaupa jina la heshima, "changamoto ya kupumua," na kwa jina hilo tukazika.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Januari 2021, chama cha Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, kilitangaza wazi kwamba ameugua corona. Mwezi uliofuata akafariki. Ikiwa mtu mkubwa kama yule ugonjwa wake ulitajwa kwa jina, wewe unaona aibu gani kumwambia jirani, "Usiingie leo, nyumbani kuna mgonjwa"?

Wala usidhani ni tabia yetu sisi tu. Miaka ya 1950, serikali ya Marekani ilipeleka magari ya eksirei mitaani kupima kifua kikuu. Bure! Karibu na nyumba! Bila foleni ya hospitali! Na wengi hawakuja. Mtafiti Godfrey Hochbaum akawauliza watu. Waliosadiki mambo mawili, kwamba kifua kikuu kinaweza kuwa ndani yao bila dalili yoyote, na kwamba kukigundua mapema kuna faida, 82 katika kila 100 walikuwa wamepigwa picha kwa hiari yao. Kwa wasiosadiki hata moja, ni 21 tu katika kila 100.

Umesikia? Gari ni lile lile, picha ni ile ile, bei ni ile ile. Tofauti ilikuwa moyoni! Mmoja alisema, "Huenda ni mimi." Mwingine akasema, "Ni wale." Wewe unasema nini?

Au unangoja wenzako? Wewe unamtazama jirani, jirani anakutazama wewe, na wote wawili hamnawi! Tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya kamera. Kwa nini mbele ya kamera? Kwa sababu binadamu hufuata anachokiona kabla ya anachoambiwa. Na nyumbani kwako, watoto hawaitazami kamera. Wanakutazama wewe!

Na wewe unayejificha nyuma ya Mungu, sikiliza. Khalifa Omar alikuwa njiani kwenda nchi ya Sham alipopata habari kwamba tauni imeingia huko. Akashauriana na watu wake, akageuza msafara. Jemadari wake, Abu Ubaida, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Omar akamjibu kwamba anatoka kwenye kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Imani yake haikupungua kwa kurudi. Yako itapunguzwa na sabuni?

Geuka na wewe! Geuka ungali mzima, geuka wanao wangali wazima, geuka njia ingali wazi. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa Kagera. Januari 2025 ukatangazwa tena Kagera, wilayani Biharamulo. Huo si ugonjwa wa kuzoeleka: hupitia damu, hupitia jasho na matapishi, hupitia mikono inayomwosha maiti kwa mapenzi. Siku utakapofika kwako hutapata muda wa kujifunza. Mkono utafanya ulichouzoeza!

Basi uzoeze. Usiseme, "Nitakuwa nanawa." Hiyo ni ahadi pana, na moyo una milango mingi ya kuitoroka. Sema, "Nikiingia ndani, kabla sijamshika mtoto, nanawa." Usiseme, "Nitaenda kuchanja siku moja." Sema, "Jumanne asubuhi, nikitoka sokoni, napitia zahanati." Ipe ahadi yako saa, ipe mahali, ipe shahidi!

Na jioni hii waite watu wa nyumba yako. Kubalianeni: homa ikiingia, mgonjwa atalala chumba kipi, nani atamhudumia, nani atapiga simu zahanati, nani atawaambia majirani ukweli. Malizeni kabla ya chakula cha usiku. Usiseme kesho. Wangapi tumewazika waliokuwa wakijua yote haya, wakasema kesho!