Mtoto Aliyetengwa na Vita ni wa Nani?

Hapa Balangdalalu ni shida kuona ukoo usio na mtoto aliyelelewa na mtu asiye mzazi wake. Pengine wazazi wamekufa. Pengine ukame umemaliza ng'ombe, baba akahama kutafuta malisho, na mtoto akaachwa kwa shangazi au kwa jirani. Miaka yapita bila neno. Hata siku mahari ya binti inapotajwa, ndugu ambao hawakuonekana siku za njaa huja na kusema, "Huyu ni wetu." Mlezi naye hujibu, "Ni wangu mimi niliyemlisha." Wazee hukaa chini ya mti siku mbili wakisema, na binti mwenyewe yuko jikoni, awapikia wale wanaomgombania, wala hapana amwulizaye neno.

Swali hili, kwamba mtoto aliyetengwa na wazazi wake ni wa nani, si letu peke yetu. Twataka leo kulitazama katika habari moja kubwa iliyotukia katika nchi hii, nayo wengi wetu hatukusimuliwa.

Mwaka 2018 Jonathan Kolodziej Durand, mtu wa Kanada, alitoa filamu ya mambo ya kweli iitwayo "Memory Is Our Homeland", maana yake, Kumbukumbu Ndiyo Nchi Yetu. Ndani yake anafuata maisha ya nyanya yake, Mpolandi, ambaye vita vilimtoa kwao angali mtoto, hata akawa mkimbizi katika Afrika ya Mashariki. Mtu aweza kuuliza, binti wa Polandi alifikaje huku?

Septemba 1939 majeshi ya Umoja wa Kisovieti yaliitwaa sehemu ya mashariki ya Polandi. Tangu Februari 1940 askari wakaanza kuwatoa watu majumbani mwao, wakawapakia katika magari ya moshi na kuwapeleka Siberia na Kazakhstan. Huko wengi walikufa kwa baridi, njaa na kazi ngumu. Ujerumani iliposhambulia Umoja wa Kisovieti mwaka 1941, Wapolandi walipewa ruhusa ya kutoka na kuunda jeshi. Mwaka 1942 watu zaidi ya 110,000, askari pamoja na raia, waliingia Uajemi. Hapo jamaa ziligawanyika tena. Wanaume wenye nguvu walikwenda vitani, na wengi walipigana Monte Cassino katika Italia, Mei 1944. Wanawake, wazee na watoto maelfu kadhaa wakaletwa Afrika. Katika Tanganyika kambi iliyokuwa kubwa kupita zote ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, yenye watu wapatao 5,000; nyingine zilikuwa Ifunda, Kidugala, Morogoro na Kondoa. Kondoa ni jirani zetu kabisa. Na vijana wa mkoa wetu waendao kusoma mambo ya mifugo pale Tengeru waweza kuyaona makaburi ya Wapolandi kwa macho yao, kwa maana yangaliko.

Vita vilikwisha mwaka 1945, walakini watu hawa hawakupata pa kurudi. Mashariki ya Polandi ilibaki mikononi mwa Umoja wa Kisovieti, na serikali mpya ya Warszawa ilikuwa chini ya mkono wake. Basi katika kambi ya Tengeru walikuwapo watoto wasio na mzazi. Wengine walikuwa yatima kweli. Wengine hakuna aliyejua kama baba au mama yao yu hai. Mwaka 1949 watoto na vijana karibu 150 walitolewa Tengeru, wakapanda meli Mombasa hata Italia, kisha wakapelekwa Kanada. Aliyewaongoza ni padre Łucjan Królikowski, ambaye mwenyewe alikuwa amepelekwa Siberia. Serikali ya Warszawa ikapiga kelele mbele ya mataifa, ikisema watoto wa Polandi wameibwa.

Je, waliibwa au waliokolewa? Tusifanye haraka kujibu. Upande mmoja wasema: hawa ni watoto wa taifa letu, wana lugha yetu, na huenda wana shangazi au mama awangojeaye. Neno hili si bure. Upande wa pili wasema: wenye nguvu wale wale waliowatoa majumbani wangali wanatawala huko, kuwarudisha ni kuwatia mkononi mwa waliowatesa. Neno hili nalo si bure.

Wafugaji wa huku kwetu wana desturi ya kuweka ng'ombe kwa rafiki wa mbali, ili ugonjwa mmoja au ukame mmoja usimalize boma zima. Mlezi hunywa maziwa, lakini ng'ombe ana mwenyewe, na mwenyewe akija hupewa. Wengi huwapima watoto kwa kipimo hiki. Sisi twaona kipimo hiki hakifai. Ng'ombe haulizwi ataka kukaa boma gani. Mtoto ana moyo na kinywa. Hata katika hukumu ya Sulemani, yule aliyegombaniwa alikuwa mchanga asiyeweza kusema. Lakini wa Tengeru hawakuwa wachanga. Aliyekuwa na miaka 5 alipochukuliwa mwaka 1940 alikuwa na miaka 14 mwaka 1949, na siku zake nyingi alikuwa amezipitisha safarini na kambini. Kumrudisha mtu wa namna hiyo kwa nguvu, kwa kuwa jina lake limo katika daftari la serikali fulani, ni kumtenga mara ya pili.

Kwa hiyo twasema, kutowarudisha kwa nguvu kulikuwa haki. Walakini hapa wengi hukosea: hudhani kwamba haki ya mwokozi yafuta haki ya aliyeachwa nyuma. Haifuti. Kama katika kijiji kimoja cha Polandi alikuwako mama aliyetazama njia kila jioni, basi mkate alioula mwanawe katika Kanada haukuyafuta machozi yake. Alimzaa, hakumtupa, vita ndivyo vilivyomnyang'anya. Mtu huyu asiyeonekana ana deni juu ya kila mlezi.

Deni hilo lalipwaje? Kwanza, mtoto asifichwe jina lake wala jina la ukoo wake. Pili, aambiwe kweli jinsi alivyotengwa, kwa kadiri ya umri wake, wala asiambiwe, "Walikutupa," ili ampende mlezi zaidi. Tatu, njia iachwe wazi: habari zake ziandikwe, ziulizwe, na ndugu akitokea asipigwe kwa fimbo mlangoni. Mlezi afanyaye hivyo hana haja ya kusema "ni wangu", maana mtoto mwenyewe atajua ni nani aliyemtunza. Na katika hili yule mjukuu wa Kanada atufundisha jambo. Nyanya yake hakuweza kumpa shamba wala nyumba ya Polandi. Alimpa habari, na mjukuu alizipokea, akazifuata, akazionyesha watu.

Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang juu ya Katesh na vijiji vya karibu, watu zaidi ya 80 wakafa. Wako watoto waliotoka katika matope yale wakaingia nyumba za watu wengine. Leo ni wadogo, na kila mtu awaonea huruma. Lakini siku zitakuja watakapokuwa wakubwa, na ndugu wa mbali watakuja, na maneno ya mahari, mashamba na ng'ombe yatatajwa. Afadhali tulio walezi tuanze sasa kuyahifadhi majina ya wazazi wao, na kuwaonyesha mahali nyumba zao zilipokuwa.

Na siku wazee watakapokaa chini ya mti, tuwaombe jambo moja lililo dogo. Kabla ya kusema neno lolote, mmoja ainuke aende jikoni, amwambie binti aache chungu, aje aketi pamoja nao.