Sungura Hakuulizwa

Kwa miaka mingi nilikuwa na deni la gololi ishirini. Mwenye kudai hakuwahi kunidai, ndiyo maana nililala nalo bila mtu kunigongea mlango.

Ilikuwa likizo, kijijini kwa babu mzaa mama, huko Dodoma ya ndani ambako vumbi ndilo poda ya watoto. Uwele ulikuwa umekwisha kuvunwa, shamba limebaki wazi kama uwanja wa mpira. Mimi na binamu yangu, mtoto wa mjomba, tulikuwa tumemnasa sungura kwa mtego wa kamba, mzima, tukamfungia ndani ya tenga la kuku. Babu alikuwa safarini mnadani. Binamu akaja na wazo: tumwachie shambani, halafu tuwaachie mbwa wawili, Simba wake na Bosi wangu (wangu wa likizo, lakini wangu). Mbwa atakayemkamata kwanza, mwenyewe anachukua gololi ishirini. Sungura akiwahi ua wa miiba upande wa pili, amejiokoa, hakuna wa kumdai mwenzake.

Tukaweka na sheria. Sungura apewe nafasi, tuhesabu mpaka kumi kabla ya kuwaachia mbwa. Nakumbuka binamu akisema, "Tusimwonee." Tulijisikia watu wa haki kwelikweli.

Basi ikawa. Simba alikuwa mbele, karibu kabisa, na sungura anakuja moja kwa moja upande wangu, pale ua ulipokuwa na upenyo. Nikaona gololi zangu zinayeyuka. Nikapiga mguu chini. Mara moja tu. Sungura akakata kona, akaangukia mdomoni mwa Bosi. Kilichofuata hakikuwa kifupi, na sitakisimulia.

"Umemtisha?" binamu akauliza, anahema.

"Aa wapi! Amegeuka mwenyewe."

Jioni babu aliporudi akakuta ngozi iliyochanika. Akauliza swali moja tu: "Mmemla?" Tukasema mbwa wamemmaliza. "Basi mmemuua bure," akasema, akaingia ndani, na usiku ule hatukupata hadithi.

Msomaji, mimi nimelelewa mjini, na mjini hatukimbizi sungura. Ila nilipokuja kukua nikaanza kusoma ovyo ovyo kila kinachopita mkononi, nikagundua kwamba mchezo wetu wa siku ile, ambao tulidhani tumeubuni wenyewe, wazungu waliucheza kwa karne nyingi, tena wakiwa wamevaa makoti na kushika daftari. Uingereza ulikuwa na klabu tangu 1776, ile ya Swaffham. Mwaka 1836 yakaanza mashindano makubwa ya Waterloo Cup, yaliyokuwa yakifanyika Altcar, karibu na Liverpool, na ambayo baadaye yalikuwa yakishindanisha mbwa 64 kwa mtoano, kama kombe la mpira. Mbwa mmoja wa Ireland, Master McGrath, alilitwaa mara tatu, 1868, 1869 na 1871, akawa maarufu kuliko wabunge.

Na sheria zao! Mbwa wawili tu, wale wembamba wa mbio wenye kiuno cha nyigu, mmoja kavishwa ukosi mwekundu, mwingine mweupe. Wanashikwa na mtu mmoja mwenye kamba maalumu, ambaye hawaachii mpaka sungura awe ametangulia kiasi cha mita 70 au 80 na zaidi. Jaji yuko juu ya farasi. Anatoa pointi: kwa kasi, kwa kumpita mwenzio, pointi moja kwa kumgeuza sungura kona kali, nusu pointi kwa kumyumbisha kidogo. Mwisho anainua leso nyekundu au nyeupe. Kumuua sungura hakukuwa lazima ili kushinda. Mbwa aliweza kutwaa ushindi na sungura akaenda zake vichakani.

Nilipoisoma hiyo nilikaa kimya. Maana ukiipima kwa kipimo cha mchezo wa kiungwana, huu wa kwao ulikuwa wa kiungwana kuliko ligi yetu ya mchangani ambako refa anahongwa soda. Kila kitu kimepimwa. Hakuna anayependelewa.

Hakuna mbwa anayependelewa, nilitaka kusema. Na hapo ndipo nilipojikwaa.

Kwa nini sungura apewe zile mita 80? Mwanzoni unadhani ni huruma kwake. Kumbe sungura akiachiwa karibu mno, mbio zinakwisha kabla jaji hajajua mbwa yupi bora. Akitangulia, anakuwa amechanganya miguu, anakata kona kwa akili, na mbwa wanapimika vizuri. Zile mita ni zake, lakini zimewekwa kwa faida ya daftari la jaji. Ni sawa na kuujaza upepo mpira: hatuufanyii mpira hisani.

Naogopa kuwaonea wale watu, kwa hiyo ngoja nimwite shahidi wao bora. Arrian, Mgiriki aliyetumikia dola la Roma katika karne ya 2, aliandika kitabu kizima kuhusu kuwinda kwa mbwa. Anasema mwindaji wa kweli hatoki na mbwa ili amnase mnyama, anatoka ili aone shindano, na hufurahi sungura akiponyoka. Anaonya wasiachiwe mbwa zaidi ya wawili. Tena anaeleza kuwa yeye mwenyewe amewahi kuwahi na farasi wake, akamnyang'anya sungura kwa mbwa, akamwachia. Na alipochelewa, alijipiga kichwani kwa uchungu kwamba mbwa wamemuua mshindani mwema.

Mshindani mwema! Neno hilo lilinisumbua wiki nzima. Nampenda Arrian, sitaki kuficha. Ana moyo kuliko mimi niliyepiga mguu chini. Lakini hebu tumuulize: mshindani ni nani? Mimi nadhani mshindani ni yule anayeweza kusema leo sichezi. Yanga wanaweza kususa, Simba wanaweza kususa, tumeyaona hayo. Na mshindani akishinda anapata kitu. Sungura akishinda anapata nini? Uhai wake, ambao alikuwa nao asubuhi kabla hawajaja. Ni kama jambazi akuwekee pochi yako mezani aseme, haya, tukimbie, ukinishinda uichukue. Hata akikupa mita 80 za kutangulia, hata akihesabu mpaka kumi kwa sauti ya upole, hujaingia mchezoni. Umeingizwa.

Najua mtakavyonijibu, maana kijiweni nimeshajibiwa. Moja: porini bweha haulizi. Kweli, ila bweha hajidai kuwa muungwana, wala haweki pointi. La pili ni zito zaidi. Mshikaji wangu mmoja aliniuliza, huku akinitazama nikila pilau la harusi, "Na huyo kuku alipewa mita ngapi?" Nilitafuna polepole. Kuku yule hakupewa hata moja. Babu naye, alipowinda, aliziba kila upenyo, akampiga rungu moja, kwisha, mboga. Ukimweleza babu habari ya kumpa sungura nafasi angekuona punguani. Hivyo yule asiyetoa nafasi yoyote aliumiza kidogo kuliko sisi tuliotoa nafasi. Kuku wa pilau sijamaliza kumjibu. Namwacha hapo mezani.

Na sisi tusijifanye tumezaliwa na uungwana damuni. Ile hadithi ya mbio za sungura na kobe tuliyosimuliwa ni ipi? Kobe anawapanga ndugu zake njia nzima, kila sungura akiita, kobe anaitika mbele. Ni wizi mtupu, na sisi watoto tulishangilia. Labda kwa sababu sungura wa hadithi ni mjanja, tapeli wa mji, na tunaona raha akipatikana. Lakini wa kwenye tenga hakuwa amemtapeli mtu.

Uingereza na Wales waliupiga marufuku mchezo huo kwa sheria ya 2004 iliyoanza kazi Februari 2005, na mwezi huohuo, siku chache kabla, Waterloo Cup ikachezwa mara ya mwisho. Kabla ya hapo, mwaka 2000, tume ya Lord Burns iliridhika kwamba kukimbizwa na kukamatwa na mbwa kunamdhuru sana sungura, na kwamba mbwa wakimkamata si mara zote wanammaliza upesi. Sikuhitaji tume, nilikuwepo. Lakini mchezo haukufa. Wapo wanaovamia mashamba ya watu usiku na mchana kukimbiza sungura kwa kamari, bila jaji wala leso, mpaka mwaka 2022 adhabu zikabidi ziongezwe. Mtetezi wa mchezo wa zamani atakwambia: mnaona, mmefukuza waungwana mmebaki na wahuni. Ana hoja kidogo. Ila kwa sungura, sioni tofauti kubwa kati ya leso na matusi.

Jamhuri ya Ireland wao hawakuufuta. Tangu 1993 mbwa wanafungwa midomo wakati wa mbio. Sungura wananaswa kwa nyavu kabla, wanatunzwa, wanakimbizwa ndani ya uwanja wenye maficho upande wa mwisho, halafu wanarudishwa porini. Wanaokufa wamepungua sana. Hili nalikubali ni jambo kubwa. Sheria kwa mara ya kwanza ilimtazama sungura mwenyewe. Lakini sungura hajui kama mdomo wa mbwa umefungwa. Anakimbia mbio zilezile alizokimbia wa kwetu.

Mwaka 1919 huko Emeryville, California, Owen Patrick Smith alifungua uwanja ambako mbwa wanamkimbiza sungura wa bandia, anayekokotwa kwa mashine. Hapo anayedanganywa ni mbwa. Mbwa naye hakuulizwa, lakini angalau anafurahia kukimbia. Au ndivyo wenye mbwa wanavyosema.

Kilichonishtua katika kusoma kote huko si Waingereza. Ni kwamba miaka yote ile nilipokumbuka shamba la uwele na moyo ukanisuta, nilimkumbuka binamu. Nilijiona nimemdhulumu yeye. Niliona aibu ya gololi ishirini.

Mwaka jana nikampigia simu nikaungama. Akanyamaza kidogo, halafu akacheka mpaka akakohoa.

"Nilijua, bwana! Vumbi la mguu wako nililiona. Nilikuwa nakusubiri tu."

"Sasa?"

"Sasa leta gololi zangu."

Kesho yake nikanunua gololi ishirini, nikazifunga kwenye kitambaa, nikampa kondakta wa basi la Dodoma. Nauli ya mzigo ilizidi bei ya gololi.