RIDHAA YA ALIYE CHINI YA MKONO WAKO

Katika darasa letu limezuka swali lililoleta makelele, na kwa kuwa wengi wa waliobishana ni watu wenye vyeo maafisini na madukani, tumeona ni wajibu kuliandika. Swali lenyewe ni hili: mkubwa wa kazi akimtania mwanamke aliye chini yake, au akamshika mkono, au akamtaka, na mwanamke yule akanyamaza au akacheka, je, ameridhia?

Ndugu mmoja alijibu upesi kwamba ameridhia, na hoja yake ni ile Hadithi mashuhuri kuwa idhini ya mwanamwali ni kunyamaza kwake. Tunasema: hoja hii imewekwa pasipo mahali pake. Hadithi ile ni ya nikaha. Bi Aisha (r.a.) alimweleza Mtume (s.a.w.) kuwa bikira huona haya kutamka, na jawabu likaja kwa ajili ya haya hiyo. Ama mwanamke aliyekwisha kuolewa, hata katika nikaha kimya chake hakitoshi, sharti atamke. Na Khansa binti Khidam alipoozwa na babake naye hataki, Mtume aliivunja nikaha ile. Basi vipi kimya kilichokubaliwa kwa kuhifadhi haya ya msichana katika jambo la halali kigeuzwe ufunguo wa kumvunjia heshima mke wa mtu afisini?

Mwingine akasema sisi hatuna haja na neno ridhaa, kwani zinaa ni haramu, wakiridhiana wasiridhiane. Ni kweli ridhaa haihalalishi haramu. Lakini makosa hapa ni mawili. Wawili wakiridhiana wamemwasi Mola wao wote wawili. Mmoja akimlazimisha mwenziwe, dhambi ni yake peke yake, na juu yake amebeba dhuluma, nayo ni haki ya mja. Sura ya Nur (24:33) iliwakataza mabwana kuwalazimisha wajakazi wao umalaya kwa kutaka pato la dunia, na wafasiri wengi wamesema kuwa msamaha uliotajwa mwishoni mwa aya ni wa hao waliolazimishwa. Wajakazi, ndugu zangu! Ni nani basi atakayethubutu kusema kuwa karani hana haki hiyo?

(Wako pia waliosema dawa ni wanawake wakae majumbani. Hao na watuambie nani atawazalisha wake zao hospitalini. Tena katika Sura hiyo hiyo amri ya kuinamisha macho imeanza kwa wanaume.)

Kwetu sisi kipimo cha jambo hili kimo katika kisa cha Ibn al-Lutbiyya. Mtu huyu alitumwa na Mtume kukusanya Zaka; aliporejea akagawa alivyoleta mafungu mawili, hili lenu na hili nimepewa zawadi. Mtume alikasirika, akapanda mimbari, akauliza kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa wazazi wake akaona kama zawadi ingemfika. Waliotoa zawadi ile hawakupigwa wala hawakutishwa. Pengine walitoa huku wanatabasamu. Lakini walichokikirimu ni cheo.

Basi ewe msimamizi, jiulize vivyo hivyo. Ungekuwa umekaa kwenu, huna kalamu ya kuandika nani apate zamu na nani aachishwe, je, angekuchekea? Imam Al-Ghazali amesema kuwa mali mtu aliyoyatoa kwa kutahayari ni kama yaliyochukuliwa kwa nguvu. Ikiwa hivyo ndivyo katika shilingi, je, katika mwili?

Sheria ya Kenya ya Makosa ya Kijinsia, ya mwaka 2006, nayo imesema kuwa aliyeridhia ni aliyekubali kwa hiari, akiwa na uhuru na uwezo wa kuchagua. Na Sheria ya Ajira ya 2007 imemtaka mwajiri mwenye watu 20 au zaidi atoe maandishi ya kukataza udhia huu. Ni waajiri wangapi miongoni mwetu waliokwisha kuyaandika?

Limebaki swali la kijana mmoja: aliyekwisha kutenda atubu vipi? Haki ya mja haiondoki kwa istighfari peke yake. Arejeshe zamu aliyomnyima au kazi aliyomfukuza, kisha amwombe radhi. Lakini asimwite afisini mwake kumwomba radhi hiyo, naye angali ndiye anayemtilia sahihi mshahara. Msamaha utakaotolewa hapo utakuwa na kasoro ile ile ya ridhaa ya kwanza. Kwanza na auondoe mkono wake juu ya riziki yake, ndipo aombe, naye mwanamke ana haki ya kukataa.