Bakuli la Mpingo na Ukweli wa Mkono

Twapenda leo kuwatolea wasomaji wetu swali la kufikiri. Fundi akikereza bakuli kwa mti mweupe, akalipaka dawa nyeusi ya viatu hata liking'aa kama mpingo, na mnunuzi akalipenda, akalipa, akaenda zake kwa furaha, je, yuko aliyedhulumiwa?

Wako wasemao kwamba hayuko. Bakuli ni bakuli, husema. Litatiwa matunda yale yale, na jicho limeridhika. Tena huongeza hoja yenye nguvu zaidi. Mpingo hukua polepole, huhitaji miaka 70 au zaidi kabla ya kufaa kwa mbao. Nao hutakiwa sana, maana ndio ufanyizwao klarineti na zumari nyingine za Ulaya. Tangu mwaka 2017 biashara yake baina ya nchi na nchi husimamiwa na mapatano ya mataifa. Basi, husema, kila bakuli la uongo limeuponya mpingo msituni.

Hoja hii yataka jibu. Kwanza na tuitazame kazi yenyewe. Chombo chenye uvungu hakimalizwi kwa siku moja. Fundi mwema hukikereza kwanza kinene, gogo lingali bichi. Hukiweka kivulini miezi mingi kikauke taratibu, kisha hukirudisha kwenye kerezo akakimaliza. Afanyaye pupa, mti humpasukia. Naye huziba ufa kwa unga wa mbao na gundi, akapaka weusi juu. Hivyo rangi haifichi jina la mti tu, huficha na siku ambazo fundi hakutaka kuzingoja. Mnunuzi amelipia subira ya mti na subira ya mtu, wala hakupewa hata moja. Hiyo ni dhuluma ijapokuwa hana habari nayo. Maana aibiwaye usingizini ameibiwa vile vile.

Wa pili adhulumiwaye ni fundi jirani, yule aliyengoja. Sokoni vyombo viwili vyafanana machoni, na cha uongo ni rahisi. Mkweli hushindwa bei, akaona uaminifu wake umekuwa hasara. Hatimaye watu wakigundua hila, hawamsadiki hata yeye.

Na msitu je? Sisi hatuoni kwamba uongo wauponya. Auzaye weusi wa kupaka humzoeza mnunuzi kutamani mpingo tu, wala hamwonyeshi uzuri wa mti mwingine. Katika Kenya, muhugu ulipopungua kwa kuchongwa mno, wachongaji wengine walishika mwembe, mwarobaini na mjakaranda, miti ipandwayo na watu. Mwembe una mistari yake na rangi yake. Hauna haja ya kuazima jina. Kadhalika katika wilaya ya Kilwa, viko vijiji vilivyokabidhiwa misitu yao, navyo huvuna mpingo kwa kipimo na kupata faida. Njia hizi mbili huhifadhi mti bila kumdanganya mtu.

Wahenga walisema, Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi twawaasa vijana wanaojifunza ufundi: mti uitwe kwa jina lake, na ufa uonyeshwe kabla ya bei kutajwa. Na sisi wanunuzi tusitake mpingo kwa bei ya mwembe, maana tufanyapo hivyo twamfundisha fundi kutudanganya.