Kifo cha Mzazi na Deni la Ndugu wa Kambo

Katika madarasa yetu neno kambo hufundishwa upesi. Mwalimu huandika ubaoni baba wa kambo, mama wa kambo, mtoto wa kambo, akaeleza kwa sentensi moja, kisha akaendelea na shemeji na wifi. Wanafunzi nao hawaulizi, kwa kuwa hadithi walizosimuliwa nyumbani zimekwisha kuwaambia mama wa kambo ni mtu wa namna gani: hunyima chakula, hutuma watu maji usiku, na mwishoni huaibika. Lakini ndani ya neno hili mna swali zito kuliko hadithi hizo zote. Undugu wa kambo hupitia kwa mtu wa katikati. Huyu ni mama yangu kwa sababu ya baba. Yule ni ndugu yangu kwa sababu ya mama. Je, yule wa katikati akifa, undugu huo hubaki wapi?

Napenda tulitazame swali hili katika nchi ya Kasese na Bwera, magharibi ya Uganda, chini ya milima ya Rwenzori, maana historia ya huko imelifanya kuwa swali la kila siku. Reli kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na mgodi huo uliendelea kutoa shaba hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wanaume waliteremka kutoka vijijini kutafuta mshahara. Bwera, iliyo umbali wa kilomita 50 hivi kutoka Kasese, karibu na mpaka wa Kongo pale Mpondwe, ilibaki nchi ya mashamba na ya soko. Mtu mwenye shamba Bwera na kazi Kilembe aliishi maisha mawili, na si ajabu kwamba mara nyingine maisha ya pili yalipata mke wa pili.

Tuchukue basi mzee wa kubuni, mmoja wa hao. Alioa Bwera akiwa kijana, akazaa. Huko Kasese akaoa mjane aliyekuja na mtoto wake mdogo wa kiume, nao wakazaa watoto wengine. Mgodi ulipofungwa hakurudi Bwera moja kwa moja. Alikwenda na kurudi hadi uzee ukamlaza kitandani mjini, na huko akafa. Mwili unapelekwa Bwera kuzikwa. Nyumba mbili zilizokuwa zikisikiana kwa mbali sasa zinakaa kwenye mkeka mmoja.

Hapo ndipo mambo huanza, na aghalabu huanza kwa madogo. Nani atakuwa wa kwanza kutupa udongo kaburini? Msemaji wa familia atasema marehemu ameacha watoto wangapi? Hesabu hiyo, inayotamkwa mbele ya watu kwa sauti kubwa, ina uzito kuliko tunavyodhani. Nimewahi kuona matanga yakiharibika kwa sababu ya tarakimu moja tu.

Wakonzo, na ndugu zao Wanande wa ng'ambo ya mpaka, wana desturi ya majina ambayo sisi walimu wa lugha tungefaa kuitafakari. Mtoto hupewa jina kwa kufuata nafasi yake ya kuzaliwa: Mumbere ni jina la mtoto wa kwanza wa kiume, Baluku la wa pili, Masika ni jina la binti wa kwanza. Na hesabu hiyo hufuata tumbo la mama, wala si jina la baba. Kwa hiyo mzee wetu aweza kuwa na Mumbere huko Bwera, kifungua mimba wa mke wa kwanza, na kule Kasese akamkuta Mumbere mwingine, yule mtoto aliyekuja na mama yake. Kisha mwana wa kwanza wa kiume ambaye mzee mwenyewe alimzaa na mjane yule akaitwa Baluku. Hebu tulisikilize vizuri jina hilo. Baluku ni damu ya mzee, lakini kila aitwapo, jina lake linakiri kwamba yuko kaka aliyemtangulia, ambaye si damu ya mzee. Undugu wa kambo umeandikwa katika jina la mtu asiyekuwa wa kambo.

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni majina tu, na kwamba damu haidanganyi. Ni kweli kwamba damu haidanganyi, lakini pia haisemi yote. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF walishambulia shule ya sekondari ya Mpondwe Lhubiriha, jirani kabisa na Bwera, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Bweni la wavulana lilichomwa moto, na baadhi ya miili haikuweza kutambuliwa kwa macho, ikabidi vipimo vya vinasaba vitumike. Katika msiba wa namna hiyo, damu ya mzazi ndiyo iwezayo kumrudishia mtoto jina lake, na hatuna budi kuishukuru elimu hiyo. Walakini mwanamke aliyemlea mtoto tangu utotoni bila kumzaa, aliyemshonea sare na kumtafutia karo, hana damu ya kutoa. Uchungu wake ni wa mama, na kipimo hakiwezi kuuona. Hapo anategemea kitu kimoja tu: kwamba yuko mtu atakayesimama na kusema, huyu naye alikuwa mama wa mtoto huyu.

Basi hili ndilo ninaloliona kuwa deni baina ya watu wa kambo mtu wao wa katikati afapo: wanadaiana ushahidi, si upendo. Upendo haudaiwi, huja ukipenda, na katika nyumba nyingi hauji kamwe, wala hilo si dhambi. Ushahidi ni kitu kingine. Mimi nilimjua marehemu upande mmoja, wewe ulimjua upande wa pili, na hakuna mwingine duniani aliye na nusu yangu ila wewe. Nikikukana, naikata hata habari ya baba yangu mwenyewe.

Wazee wa matanga aghalabu hupenda njia nyepesi zaidi. Husema, "Wanangu, marehemu amelala, acheni yaishe." Watu hupeana mikono, hula pamoja, kisha hutawanyika. Nawaheshimu wazee hao, lakini suluhu ya namna hiyo huvunjika siku ya kupima shamba. Mke wa kwanza wa mzee wetu ana jambo la haki moyoni. Alichuma kahawa peke yake mlimani miaka mingi, ilhali mshahara wa Kilembe ukiliwa mjini. Kumwambia asahau ni kumtaka atoe ushahidi wa uongo. Mjane wa Kasese naye ana lake: alimwosha na kumlisha mgonjwa ambaye wanawe wa Bwera walimtembelea kwa nadra. Kupatana kwa kweli kunataka maneno yote mawili yasemwe kwenye mkeka uleule, na kila upande uyasikie bila kuyajibu kwa tusi. Hata marehemu hapaswi kusafishwa kupita kiasi; aliyewatesa wengi kwa kuishi maisha mawili ni yeye, wala si wanawake hao.

Sheria inasaidia, ila ina mpaka wake. Sheria ya Mirathi ya Uganda, kama ilivyorekebishwa mwaka 2022, humgawia mali mtu asiyeacha wasia kwa hesabu hii: asilimia 75 kwa wazao wake, 20 kwa mwenzi wa ndoa aliyebaki, 4 kwa jamaa waliokuwa wakimtegemea, na 1 kwa mrithi wa kimila. Hesabu hiyo yamtosha Mumbere wa Bwera, na yamtosha Baluku. Mumbere wa Kasese, mtu mzima mwenye kazi yake, hamo. Alimbeba mzee mgongoni hadi hospitali, lakini hana asilimia.

Je, ndugu zake wanadaiwa kumpa shamba? Nadhani la. Atakayetaka na ampe kutoka katika fungu lake mwenyewe, kwani ukarimu wa mali ya wote ni rahisi mno. Wanachodaiwa ni kidogo na kigumu zaidi. Kabla ya kuomba usimamizi wa mirathi familia hukutana, na maandishi ya mkutano huo hupelekwa kwa Msimamizi Mkuu wa Mirathi wa serikali. Mwandishi hukaa na karatasi juu ya goti, akauliza majina ya watoto wa marehemu. Mumbere wa Kasese hawezi kutiwa katika orodha hiyo, kwa kuwa haitakuwa kweli. Lakini hakuna sheria inayomzuia Mumbere wa Bwera, akiisha kutaja jina lake na majina ya wadogo zake wa nyumba zote mbili, kumgeukia yule mwenye jina kama lake aliyekaa karibu na mlango, na kumwambia mwandishi aongeze mstari chini ya orodha: kwamba marehemu aliuguzwa na mtu fulani, mwana wa mkewe, na kwamba waliohudhuria wote wanamjua.