Kava na Kilichomo

Mwaka 2017 kontena 277 za makinikia, yaani mchanga wenye madini, zilizuiwa katika bandari ya Dar es Salaam. Mchanga huo ulitoka Bulyanhulu na Buzwagi, migodi miwili ya huku kwetu Kahama, na kwa miezi mingi nchi nzima ikabishania jambo moja: je, yaliyoandikwa kwenye karatasi ndiyo yaliyomo ndani? Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ilisema dhahabu iliyomo ni nyingi kuliko iliyotangazwa. Kampuni ya Acacia, iliyoendesha migodi hiyo, ikakana. Baadaye Barrick, mwenye hisa nyingi za Acacia, na serikali wakapatana, ikazaliwa kampuni ya Twiga ambayo serikali ina hisa za asilimia 16 ndani yake.

Sisi tunaotunga na kurekodi nyimbo katika ukanda huu tunakutana na swali hilohilo kila wimbo unapotoka studio na kudai kava. Mchanganyiko wa sauti umekwisha, prodyuza amelipwa, na sasa mwenye wimbo ameshika simu akitafuta picha itakayowaambia watu kuna nini ndani.

Nafasi ya kuchagua picha hatukuwa nayo zamani. Nyimbo nyingi za bendi zetu za miaka ya 1970 zilitoka kwenye santuri ndogo, zikiwa ndani ya bahasha ya karatasi yenye jina la kampuni na tundu katikati la kusomea lebo. Sura ya mwimbaji uliijua ukimwona dansini. Hata Marekani santuri ziliuzwa kwenye karatasi za rangi ya udongo hadi Alex Steinweiss, kijana aliyeajiriwa na Columbia, alipoanza kuzichorea majalada mwaka 1940. Kwetu zikaja kanda, zikaja CD, na tangu 2013 ikabidi stempu ya kodi ya TRA nayo ipate mahali pake. Leo wasambazaji wa mtandaoni wanataka mraba wa pikseli 3,000 kwa 3,000, na mwenye wimbo anaweza kuujaza mwenyewe kwa Canva au kwa msaada wa kijana wa stesheneri. Ni uhuru mkubwa. Ndiyo maana naona vibaya tunapoujaza mraba huo kwa vitu vya watu wengine.

Tazama kava za vijana wetu wa Shinyanga na Geita. Mikufu ya dhahabu, gari la kukodi, mabunda ya dola, maghorofa ya mji ambao mwimbaji hajawahi kuukanyaga. Siku hizi akili mnemba inachora hata mgodi usiokuwepo popote. Sisemi haya kwa dharau. Kijana aliyekulia Mwendakulima, jirani na uzio wa mgodi, akaiona dhahabu kwa sura ya vumbi la malori tu, ana haki ya kuiota ikiwa shingoni mwake. Wimbo wa ndoto na ubebe picha ya ndoto. Lakini wimbo ukiwa unamlilia kaka aliyefukiwa kwenye duara, shimo la wachimbaji wadogo, halafu kava inaonyesha Dubai, msikilizaji amepewa vitu viwili vinavyokanushana, na kinachopoteza heshima ni kile kilio.

Wala uaminifu si unyonge. Wasukuma wanajua hilo kuliko wengi. Katika mashindano ya vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu baada ya mavuno, hakimu ni umati: ngoma iliyovuta watu wengi ndiyo iliyoshinda, kwa hiyo kila upande hufanya kila njia kulinasa jicho. Kikundi cha Bagobogobo hurusha majembe hewani, kile cha Bayeye hucheza na chatu. Ni mbwembwe hasa, tena za makusudi. Ila jembe lile ni la watu wanaolima kweli pamoja, na nyoka yule yuko mikononi mwa watu ambao kazi yao ni kumjua nyoka na kutibu waliogongwa naye. Onyesho limetoka ndani ya kazi. Ningi, yaani manju wa ngoma, akianza kuimba, yule aliyevutwa na chatu haoni kwamba amedanganywa.

Kuna kishawishi cha pili, nacho kwangu ni kibaya zaidi kwa sababu kinajiita uhalisia. Mtu anataka kava yenye uchungu wa machimbo. Anakwenda mwaloni kunakooshwa mchanga wa dhahabu, anampiga picha kwa mbali mama aliyeinama juu ya beseni, au mtoto aliyejaa vumbi kando ya karasha ya kusagia mawe, anaongeza weusi kidogo, anaandika jina lake kwa herufi kubwa. Yule mama sasa yuko kwenye simu za watu Nairobi na Muscat, na yeye hana habari. Mali imetoka tena kwenye ardhi hii bila mwenyewe kuulizwa, na safari hii aliyeichukua ni mtoto wa hapahapa. Kumwendea, kumwamkia shikamoo mama, kumwonyesha picha, kumweleza itafika wapi, na kukubali akisema hapana: hayo hayapunguzi sanaa. Akikubali, alipwe kama mpiga kinanda anavyolipwa.

Kabla ya picha yoyote kuna kusikiliza, na kwa hilo namheshimu sana Lemi Ghariokwu, Mnigeria aliyemchorea mwanamuziki Fela Kuti majalada zaidi ya 20 kuanzia mwaka 1974. Alikuwa akiusikiliza wimbo na kuujadili, kisha akachora alichokielewa yeye. Anayejichorea kava mwenyewe anadhani hatua hiyo haimhusu, maana wimbo ni wake. Inamhusu zaidi. Mtunzi husikia alichokusudia. Ni vigumu kusikia alichoimba hasa.

Kwa mfano, chukua Buzwagi, mmoja wa ile migodi miwili niliyoanza nayo. Mgodi ulianza kuzalisha mwaka 2009, na mwaka 2021 ukaingia katika kufungwa. Eneo likapangiwa kuwa kanda maalumu ya kiuchumi, yenye viwanda. Bado kava zetu zinapenda malori makubwa ya mgodi, kana kwamba Kahama haina sura nyingine. Kahama ninayoijua ni mashine za mpunga zinazonguruma, wachuuzi wa mchele, na malori yaendayo Rwanda na Burundi yaliyopaki barabarani usiku. Anayeimba habari za mtu aliyepunguzwa kazi mgodi ulipofungwa, sasa akauza mchele kwa kilo, ana picha tayari, na hakuna mwimbaji wa Dar es Salaam atakayemtangulia kuipata.

Na pale kwenye maelezo ya wimbo, tunapoandika mtunzi na prodyuza, pana mahali pa kuandika aliyepiga picha, imepigwa wapi, na aliyemo ni nani kama ameridhia kutajwa. Ni mstari mmoja tu. Nyimbo nyingi za kwetu bado zinatoka bila mstari huo.